Tumbo Linapounguza: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Kiungulia na Asidi kwa Viungo vya Ayurveda na Chakula cha Dodoma

"Dada, ile chai ndiyo imenimaliza kabisa."

Napika chakula cha mchana kwa watu wa maofisini kule Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, na maneno hayo huletwa mezani kwangu karibu kila wiki. Mtu ameambiwa tangawizi ni dawa ya tumbo ya Kihindi. Anachemsha kipande kinene kama kidole gumba, anakamulia ndimu, anakunywa kikombe kizima kabla ya kula chochote, na saa 4 asubuhi ameshika kifua. Hapo anatangaza kwamba dawa za Kihindi ni uongo mtupu.

Kosa lake ni kutibu tumbo asilokuwa nalo. Ayurveda, yaani tiba asilia ya India, haina "dawa ya tumbo" moja. Ina njia ya tumbo linalounguza, ya tumbo lililojaa upepo na ya tumbo zito, na kinachotuliza moja huweza kulichokoza jingine. Tangawizi juu ya tumbo linalounguza ni kumwagia moto mafuta ya taa.

Mimi ni mpishi, si daktari. Viungo hivi nilifundishwa na jirani yangu wa zamani, mama wa Kihindi, wakati kiungulia kilikuwa kinaniamsha usiku. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanaoshindwa huruka ya kwanza.

## Kabla ya kuwasha jiko: nani asianze

Nenda hospitali, usianze na viungo hivi, ukiwa na mojawapo ya haya:

- Choo cheusi kinachonata kama lami, au kutapika damu au kitu kinachofanana na kahawa iliyosagwa. Hiyo ni damu inayovuja ndani. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini mwachie daktari aamue.)
- Chakula kinakwama kikishuka, au unakonda bila kukusudia.
- Maumivu makali ya ghafla na tumbo limekaza kama ubao.
- Maumivu ya kifua yanayokwenda taya, bega au mkono, na jasho jembamba. Moyo nao hujifanya kiungulia.
- Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, na homa.
- Macho ya njano. Kwetu huku hili lisichezewe: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na waliougua walikuwa na maumivu ya tumbo, kutapika na macho ya njano. Mahindi yenye ukungu hayasafishwi na chai yoyote.

Kama umevuka miaka 55 na shida hii ni mpya kwako, pima kwanza. Na kama unameza diklofenaki, ibuprofeni au aspirini mara kwa mara kwa ajili ya mgongo au magoti, huenda hizo ndizo zinazokuchubua tumbo. Rudi kwa aliyekuandikia mzungumze. Aspirini ya moyo usiikatishe mwenyewe.

## Mahitaji

Vingi utavipata Soko la Majengo au Sabasaba kwa bei ya kawaida:

- Mbegu za giligilani, gramu 100
- Shamari, gramu 100
- Binzari nyembamba (wengine huiita jira au uzile), gramu 100
- Tangawizi mbichi, kipande kidogo
- Manjano ya unga, kidogo tu
- Samli halisi, kikopo kidogo
- Choroko zilizokobolewa, kilo 1, na mchele. Wa Bahi unafaa sana.
- Mtindi mpya usio mchachu sana
- Zabibu kavu tamu
- Daftari na kalamu
- Matofali mawili

Simama kidogo kwenye shamari na binzari nyembamba, maana hapa ndipo watu wanapouziwa siyo. Zote ni mbegu ndefu zenye mistari, na kwenye ndoo za muuzaji zinakaa jirani. Chukua chache, zifikiche kiganjani, nusa. Shamari ni nene kidogo, ina ukijani, na hunukia utamu kama pipi. Binzari nyembamba ni ya kahawia, nyembamba kweli, na harufu yake ni ya pilau. Ukitafuna shamari ulimi unabaki mtamu. Binzari inabakiza ukali wa mbali. Muuzaji akikwambia "ni zilezile tu mama", nenda meza ya pili.

Nunua mbegu nzima, usinunue unga uliokwisha sagwa. Duka moja liliwahi kuniuzia mchanganyiko wa "chai ya tumbo" kwenye mfuko mzuri. Nikapiga chafya nilipoufungua, kumbe nusu yake ilikuwa pilipili manga.

## Hatua ya 1: Lijue tumbo lako (siku 3)

Kwa siku tatu usibadilishe chochote. Andika daftarini: saa uliyokula, ulichokula, saa maumivu yalipoanza, yalipo na yalivyo. Kisha linganisha.

Tumbo la moto. Linaunguza chini ya chembe cha moyo, maji makali yanapanda kooni, na ukichelewa kula hali inakuwa mbaya zaidi. Mdomo una uchachu asubuhi. Ayurveda husema pitta, yaani nguvu ya moto mwilini, imezidi, na kiungulia cha namna hii inakiita amlapitta.

Tumbo la upepo. Linajaa kama ngoma, linanguruma, maumivu yanahama leo kushoto kesho kulia, na choo ni kigumu. Ukibeua au ukitoa hewa unapata nafuu. Hii ni vata.

Tumbo zito. Chakula cha mchana bado kimekaa hadi jioni, hamu ya kula hakuna, kuna kichefuchefu kidogo, ulimi una utando mweupe, na ukimaliza kula usingizi unakubeba. Hii ni kapha.

Haya ni majina ya Ayurveda, si majibu ya maabara. Hospitali hawatakuandikia "pitta" kwenye cheti. Lakini kwa kuchagua viungo na chakula, mgawanyo huu unafanya kazi kuliko kubahatisha. Ukijikuta na mawili, shughulikia moto kwanza.

*Utajua umefaulu* pale utakapoweza kunyoosha kidole kwenye mlo mmoja au saa moja: "ni chai ya rangi ya saa 1", au "ni chipsi za saa 3 usiku". Ukiona daftari linasema kila kitu kinakuumiza, ongeza siku mbili.

## Hatua ya 2: Ondoa vinavyochoma

Kwa siku 14 weka kando chai ya rangi na kahawa kabla ya kula, supu ya asubuhi yenye pilipili na ndimu, chipsi mayai, soda, nyanya nyingi, ukwaju, ubuyu, pombe pamoja na mvinyo wetu wa hapa, na sigara. Mafuta mengi hukawiza chakula tumboni na kulegeza mlango ulio kati ya tumbo na koo la chakula, ndiyo maana asidi inapanda. Vyenye uchachu vinagusa palipokwisha chubuka.

Ubuyu najua unauma kuuacha. Ni siku 14 tu.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni magadi. Wapo wanaolamba magadi au kunywa maji yake kiungulia kikipanda, na kweli kinatulia kwa dakika chache, kwa sababu magadi huua ukali wa asidi. Lakini hutoa gesi, yamejaa chumvi ya sodiamu ambayo mwenye presha haihitaji, na magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floridi nyingi. Ya pili ni maziwa baridi. Yanapoza kwa muda, kisha protini na kalsiamu yake vinaliamsha tumbo litoe asidi zaidi. Ukinywa usiku, saa 8 utaamka.

Kama umeandikiwa omeprazo, endelea nayo. Mtu aliyeitumia kwa miezi akiiacha ghafla, asidi hurudi kwa kishindo, kisha chai ndiyo inayolaumiwa.

## Hatua ya 3: Chai ya mbegu, kila tumbo na yake

### Kwa tumbo la moto: maji ya kuloweka, si ya kuchemsha

Chukua kijiko 1 cha chai cha giligilani na kijiko 1 cha shamari. Ziponde kidogo kwenye kinu, zipasuke tu, zisiwe unga. Mimina kwenye glasi moja (mililita 250) ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Funika, uache usiku kucha. Asubuhi chuja, unywe polepole dakika 20 kabla ya kifungua kinywa.

Kwa nini tusichemshe? Ayurveda inalihesabu giligilani kuwa kiungo cha kupoza, na kwa tumbo linalounguza hupenda kulitoa kwa maji baridi. Binzari nyembamba na tangawizi haziingii hapa kabisa.

Yakiwa sawa, maji huwa na rangi ya dhahabu hafifu na harufu tamu. Yakiwa na povu au harufu ya uchachu, mwaga. Oktoba na Novemba, joto la Dodoma likiwa kali, loweka saa 4 usiku badala ya jioni, na yasibaki hadi mchana.

### Kwa tumbo la upepo: mbegu tatu za kuchemsha

Kijiko 1 cha chai cha kila moja: giligilani, shamari, binzari nyembamba. Maji lita 1. Yakishachemka punguza moto, acha dakika 5, zima, funika dakika 10, chuja, tia kwenye chupa ya chai. Kunywa nusu kikombe baada ya kila mlo. Ukichemsha nusu saa ukidhani unaongeza nguvu, utapata uchungu tu.

*Mafanikio:* ndani ya siku tatu au nne kunguruma kunapungua na hewa inatoka bila maumivu.

### Kwa tumbo zito: hapa ndipo tangawizi

Kata kipande chembamba kama sarafu, nyunyizia chembe za chumvi, tafuna dakika 15 kabla ya mlo wa mchana. Kimoja kinatosha. Hamu ya kula ikirudi, acha.

Tahadhari: mjamzito abaki na viungo kwa kiasi cha mboga na pilau, asinywe chai hizi mfululizo bila kumuuliza mkunga au daktari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asiongeze tangawizi wala manjano mengi.

## Hatua ya 4: Siku tatu za mseto

Sasa chakula, na kwangu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ayurveda ikitaka kulipumzisha tumbo hupika wali na choroko zilizokobolewa pamoja hadi vilegee. Sisi tuna jina la chakula hicho tangu zamani: mseto wa choroko. Bibi aliyekulea na mseto ulipokuwa mgonjwa hakuwa mbali na hao wataalamu.

Kwa watu wawili:

1. Loweka choroko zilizokobolewa nusu kikombe kwa saa moja. Kama una zile nzima za kijani, loweka usiku kucha na umwage maji yake, maana maganda huleta gesi.
2. Osha mchele kikombe 1 hadi maji yatoke meupe kidogo tu.
3. Pasha samli kijiko 1 cha chakula kwa moto mdogo. Tia binzari nyembamba robo kijiko cha chai (tumbo la moto litumie giligilani badala yake). Ikianza kucheza na kunukia, hesabu hadi tano. Ikigeuka nyeusi umeunguza, anza upya.
4. Tia manjano robo kijiko cha chai, choroko na mchele, koroga mara mbili.
5. Maji vikombe 5, chumvi kidogo. Funika, moto mdogo, dakika 35 hadi 40. Usitie kitunguu, nyanya wala pilipili.

Umepika vizuri ikiwa ukiinua mwiko mseto unadondoka kwa uzito wake kama uji mzito, na punje ya choroko inapondeka kwa ulimi bila meno. Kama punje zinahesabika, rudisha jikoni na nusu kikombe cha maji ya moto.

Kula mchana na jioni kwa siku tatu. Asubuhi kula uji wa uwele au ulezi, usiochachushwa na usio na ndimu. Siku ya nne rudisha ugali laini na mlenda. Vitabu vya Ayurveda havikuujua mlenda wetu, lakini huo utelezi unashuka tumboni bila kukwaruza. Upike kwa karanga kidogo, bila nyanya, na kama ni lazima uweke magadi basi ni chembe. Mgogo yeyote atakwambia magadi yakizidi mlenda unanuka sabuni.

Kiasi nacho kina kanuni: nusu ya tumbo chakula, robo maji, robo iachwe wazi. Kwa vitendo, ondoka mezani ukiwa bado unaweza kula matonge matano.

## Hatua ya 5: Saa za kula na kitanda

Mlo mkubwa uwe kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati Ayurveda inaposema moto wa kumeng'enya uko juu. Jioni kula kidogo na umalize saa 1, ili ukilala saa 4 tumbo limepata saa tatu za kazi yake.

Watu wa ofisi ndio wanaoniangusha hapa. Mchana wanakula andazi na soda kwa sababu kuna kikao, saa 3 usiku wanajaza sahani ya nyama choma, saa 4 wamelala. Kwa ratiba hiyo hakuna mbegu itakayokusaidia. Kwa wanaofunga Ramadhani, futuru kwa tende na uji, swali, kisha kula. Viazi vya kukaanga na sambusa zisiwe za kwanza kugusa tumbo lililokaa siku nzima wazi.

Baada ya kula tembea hatua mia, taratibu. Legeza mkanda. Usilale chali palepale.

Yale matofali mawili: weka moja chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwa, kitanda kiinuke sentimita 15 hivi. Mito mingi haifai, inakukunja tumboni na kulikandamiza. Lala ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo tumbo linakuwa chini ya koo la chakula, na asidi inapata shida kupanda.

*Mafanikio:* umelala usiku tatu mfululizo bila kuamshwa na uchachu.

## Hatua ya 6: Nyongeza, ukizihitaji

Zabibu kavu. Mji wetu una bahati hii. Ayurveda inaisifu zabibu tamu kwa kupoza pitta. Loweka punje 10 hadi 15 usiku, asubuhi zile na maji yake. Zabibu mbichi za mashambani kwetu huvunwa karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Chagua zilizoiva kabisa, zenye uchachu ziache. Mwenye kisukari aziruke.

Mtindi wa kupunguzwa. Robo kikombe cha mtindi mpya kwa robo tatu ya maji. Piga hadi siagi ipande, ondoa hiyo siagi, tia binzari nyembamba iliyokaangwa bila mafuta na kusagwa, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Kunywa baada ya chakula cha mchana, kamwe si usiku. Unafaa tumbo la upepo na tumbo zito. Mwenye moto asubiri hadi kuungua kuishe.

Mzizi wa susi (licorice kwa Kiingereza). Ni dawa maarufu ya amlapitta, nami siipendekezi kwa wengi. Ndani yake mna kitu kinachopandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, na mjamzito, asiuguse.

Vidonge na unga wa Ayurveda wa kopo. Uwe macho. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takribani moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Hapa nchini muulize muuzaji usajili wake kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Akianza kupiga kelele, umepata jibu. Mbegu unazozinusa mwenyewe sokoni zinatosha kwa kazi hii.

## Hatua ya 7: Siku ya 14, pima kisha rudisha

Fungua daftari. Kama kuungua kumebaki nusu au zaidi ya ulivyoanza, usirudie mzunguko. Nenda kituo cha afya uombe kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, anayeitwa Helikobakta pailori. Kipimo cha choo ni kizuri. Mwambie mhudumu kama umetumia omeprazo ndani ya wiki mbili zilizopita au antibiotiki ndani ya wiki nne, kwani zinaweza kuficha majibu. Akipatikana, tiba ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, umalize zote hata kama siku ya tano umepona. Mseto na ratiba ya jioni endelea navyo. Bakteria waachie dawa.

Kama umepona, rudisha kitu kimoja kila siku tatu: kwanza nyanya iliyopikwa ikaiva, kisha chai ya rangi baada ya kula, halafu ndimu au ubuyu, na pilipili iwe ya mwisho. Kikirudisha moto, kiandike jina na ukiache mwezi mzima kabla ya kujaribu tena. Kwangu nyanya ilirudi, ubuyu ulirudi. Kahawa nimeijaribu mara nne, na mara zote nne nimerudi kwenye glasi ya giligilani.